Tusimlaumu Mlinzi wa Mtambo Kabla ya Kuitazama Kazi Tuliyompa

Inapotokea ajali mahali palipokuwa na mtambo unaojiendesha, iwe ni ndege, kiwanda au chumba cha wagonjwa mahututi, maneno ya kwanza kusikika huwa ni "makosa ya kibinadamu", na mara nyingi mjadala wa umma huishia hapo. Mimi siyakubali maneno hayo yanapotumika kufunga faili. Katika ajali nyingi za namna hii, mtu anayelaumiwa alikuwa amepewa kazi ambayo akili ya binadamu haiimudu kwa muda mrefu: kukaa saa nyingi akiutazama mtambo ambao karibu kila siku haumhitaji, kisha, siku unapomhitaji, aelewe ndani ya sekunde chache jambo ambalo mtambo wenyewe umeshindwa kulitatua.

Sehemu ya kwanza ya kazi hiyo, yaani kutazama tu, ilichunguzwa zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Jeshi la Anga la Uingereza lilitaka kujua kwa nini waangalizi wa rada waliokuwa wakisaka nyambizi, watu waliofunzwa na wenye kila sababu ya kuwa macho, walipitwa na alama zilizokuwa wazi mbele yao. Mwanasaikolojia Norman Mackworth aliwakalisha watu kwa saa 2 mbele ya uso mtupu wa saa, ambao mshale wake ulisogea hatua moja moja na mara chache tu ukaruka hatua mbili kwa pamoja. Kazi yao ilikuwa kubonyeza kitufe kila walipouona mruko huo. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1948 yalionyesha kwamba uwezo wao wa kuuona ulianza kushuka ndani ya nusu saa ya kwanza. Wala kukaa huko si kupumzika. Mwaka 2008 Joel Warm na wenzake walikusanya ushahidi wa miaka mingi na kuonyesha kwamba kukesha ukisubiri kitu kinachotokea kwa nadra ni kazi nzito ya akili, na kwamba humwachia anayeifanya msongo unaopimika. Kwa hiyo msimamizi anayemwona mtu amekaa kimya mbele ya skrini na kudhani kwamba anakula mshahara wa bure hajaielewa kazi anayoisimamia.

Mwaka 1983 Lisanne Bainbridge, mwanasaikolojia Mwingereza, aliliweka tatizo hili wazi kuliko yeyote ninayemjua: kadiri mtambo unavyoaminika, ndivyo mwendeshaji anavyokosa nafasi ya kufanya kazi kwa mkono wake, na ndivyo ujuzi wake unavyochakaa, ilhali kazi anayoachiwa ni ile ngumu kuliko zote. Mfano unaolithibitisha jambo hilo kwa uchungu mkubwa ni ule wa Air France.

Tarehe 1 Juni 2009, ndege namba 447 ya aina ya Airbus A330 ilikuwa juu ya Atlantiki usiku, ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris na watu 228. Rubani mkuu alikuwa amekwenda kupumzika, kama ilivyo kawaida katika safari ndefu. Mirija ya nje inayopima mwendo iliziba kwa chembe za barafu, kompyuta zikapata vipimo visivyolingana, na mfumo wa kujiendesha ukajizima na kuwakabidhi ndege marubani wawili waliobaki. Hitilafu ya vipimo haikudumu hata dakika 1, na ndege yenyewe ilikuwa nzima. Kama wangeituliza tu katika kimo kilekile, ingeendelea na safari. Lakini rubani aliyeshika usukani aliivuta pua juu, ndege ikapanda, ikapoteza mwendo, mabawa yakashindwa kuibeba, na dakika 4 na sekunde chache baada ya mfumo kujizima ikapiga maji. Hakuna aliyepona.

Onyo la kwamba mabawa yameshindwa kuibeba ndege lililia mfululizo kwa karibu dakika nzima, na marubani hawakuwahi kutamka kwamba wako katika hali hiyo. Kisha likatokea jambo ambalo kila nikilisoma huniumiza. Mwendo uliposhuka kupita kiasi, kompyuta iliviona vipimo kuwa haviaminiki na ikalinyamazisha onyo. Pua iliposhushwa, yaani lilipofanyika jambo sahihi, vipimo vilirudi kuaminika na onyo likaanza kulia upya. Mtu aliyetoka katika utulivu wa saa kadhaa akatupwa gizani, bila kipimo cha mwendo anachokiamini, anasikia kelele anapofanya sawa na kimya anapokosea. Wachunguzi wa Ufaransa, katika ripoti yao ya mwaka 2012, walitaja mshtuko huo, na walitaja pia kwamba marubani hawakuwa wamefunzwa kuirusha ndege kwa mkono katika kimo kikubwa kama kile. Mimi naliona jambo hili la pili kuwa zito zaidi, kwa sababu mshtuko hauepukiki, lakini mafunzo yalikuwa uamuzi wa watu waliokaa ofisini.

Msiba wa pili unatuhusu kwa karibu zaidi. Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines namba 302, Boeing 737 MAX, iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi na ikaanguka baada ya dakika 6. Walikufa watu wote 157, na 32 kati yao walikuwa Wakenya. Kihisi kimoja cha upande wa kushoto kilitoa kipimo cha uongo kuhusu pembe ya ndege hewani, na mfumo uitwao MCAS, uliokuwa ukikitegemea kihisi hicho kimoja, ukaanza kuisukuma pua chini. Ndivyo ilivyokuwa pia Indonesia mnamo Oktoba 2018, ndege ya Lion Air ilipoanguka na watu 189. Huko Ethiopia, usukani wa rubani mkuu ulikuwa ukitetemeka karibu tangu magurudumu yalipoacha ardhi, vipimo vya mwendo na kimo vya kushoto vikapishana na vya kulia, na sauti za onyo zikapokezana, na katikati ya vurugu hiyo watu wawili walitakiwa kutambua kwamba chanzo cha yote ni kitu kimoja.

Septemba 2019, bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, NTSB, ilieleza kwamba Boeing ilipotathmini jinsi marubani wangeitikia MCAS ikikosea, haikuijaribu hali ambayo maonyo hayo yote yanakuja kwa wakati mmoja. Mwaka uliofuata, kamati ya Bunge la Marekani ilionyesha kwamba hesabu za usalama zilichukulia kuwa rubani angeitikia ndani ya sekunde 4, ilhali mwaka 2012 rubani wa majaribio wa kampuni hiyohiyo, akiwa katika kifaa cha kuigiza urushaji, alitumia zaidi ya sekunde 10. Naomba msomaji azitazame hizo sekunde 4 kwa makini. Zilikuwa kadirio la akili ya mtu iliyotulia, inayoshughulikia tatizo moja, na zilitumika kuhalalisha mfumo ambao siku ya kuharibika ungezaa matatizo matano. Mafunzo katika kifaa cha kuigiza urushaji, ambayo hayakudaiwa awali, yalikuja kuwa ya lazima baada ya watu 346 kufa.

Wapo wanaosema kwamba dawa ni kumwondoa binadamu kabisa. Wakumbuke Novemba 2010, injini ya ndege kubwa ya Qantas, Airbus A380, ilipopasuka muda mfupi baada ya kuondoka Singapore ikiwa na watu 469. Maonyo yalimiminika kwenye skrini kwa makumi, na iliwachukua marubani kama dakika 50 kuyapitia moja baada ya jingine kabla ya kurudi kutua salama. Siku hiyo, kwa bahati ya ratiba, chumbani walikuwamo marubani watano badala ya idadi ya kawaida, na ndege bado ilikuwa ikiruka vizuri kiasi cha kuwapa muda. Binadamu walewale tunaowaita kiungo dhaifu walifanya kazi ambayo hakuna kompyuta ingeifanya, kwa sababu mzigo uligawanywa.

Tofauti na hiyo, mwaka 1994 katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven, Wales, waendeshaji wawili walipata maonyo 275 katika dakika zisizozidi 11 kabla ya mlipuko. Mwongozo uliokuja kutumika baadaye katika viwanda vya namna hiyo unaona onyo moja kwa kila dakika 10 kuwa kiasi ambacho mtu anaweza kukimudu katika hali ya kawaida.

Kelele za uongo huharibu umakini kwa njia nyingine, ya polepole zaidi. Tafiti za hospitali zimekuta kwamba kati ya asilimia 72 na 99 ya kengele za mashine za wagonjwa hazikuhitaji hatua yoyote. Nimemwona muuguzi wa zamu ya usiku akinyoosha mkono na kuinyamazisha mashine bila kugeuza kichwa, kwa sababu anajua kwamba kibanio cha kupimia oksijeni kimeteleza tena kwenye kidole cha mgonjwa. Naye alikuwa na vitanda vingine vya kuhudumia. Hali hiyo utaikuta pia barabarani. Mabasi ya mikoani nchini Tanzania yana kifaa cha kufuatilia mwendo, ambacho hulia dereva anapozidisha. Katika safari ndefu nimekisikia kikilia mpaka abiria wakazungumza juu yake, watoto wakalala nacho, na dereva akabaki na uso uleule. Sauti isiyofuatiwa na kitu chochote huacha kuwa onyo, hata kama kifaa chenyewe ni kizuri na nia ya walioagiza kifungwe ni njema.

Mambo haya yanarekebishika, na yameshafanywa kwingine. Wakaguzi wa mizigo katika viwanja vya ndege vya Umoja wa Ulaya hawatakiwi kwa kawaida kutazama picha za eksirei kwa zaidi ya dakika 20 mfululizo. Na katika mashine za aina hiyo huingizwa mara kwa mara picha za silaha zisizokuwapo, ili jicho lisizoee kutoona kitu. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, mnamo Januari 2013, iliyataka mashirika yawape marubani nafasi zaidi ya kurusha ndege kwa mkono hali inaporuhusu. Hatua hizi zote zinaanza kwa kukubali kwamba umakini una kikomo, na kwamba kikomo hicho hakisogezwi kwa karipio wala kwa barua ya onyo.

Kwetu sasa mitambo inanunuliwa kwa kasi, katika bandari, reli, viwanda, benki na hospitali, na zabuni hueleza kwa kirefu mtambo utafanya nini, huku mtu atakayekaa mbele yake akitajwa katika kipengele cha mafunzo ya siku chache. Nataka zabuni hizo ziseme ni maonyo mangapi mtu mmoja atayapokea kwa saa, nani atampokea anapochoka, na atafanyia wapi mazoezi ya siku mtambo utakapokataa. Nataka pia kila ripoti ya ajali iandike mwendeshaji alikuwa zamu kwa saa ngapi, maonyo mangapi yalilia katika dakika 10 za mwisho, mangapi ya mwezi uliotangulia yalikuwa ya kweli, na ni lini mara ya mwisho aliifanya kazi hiyo kwa mkono wake. Sehemu kubwa ya majibu hayo huwa tayari katika kumbukumbu za mitambo yenyewe na katika madaftari ya zamu, na wachunguzi wana mamlaka ya kuyaomba.