Dereva, punguza mwendo kwenye njia za mashamba ya mpunga

Uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, ni mtamu kwa baiskeli: hakuna kilima, mashamba ya mpunga ya Ahero yametanda kijani, mifereji inapeleka maji ya mto Nyando kutoka kwenye pampu. Kinachoniudhi ni madereva wanaopita kwenye njia zile za murram, yaani changarawe, kana kwamba wako barabara kuu.

Njia nyingi huko zimepandishwa juu ya tuta la udongo. Kulia mfereji, kushoto jaruba la mpunga lililojaa maji. Sasa gari likija kasi nyuma yangu, nihamie wapi? Pembeni udongo ni ule mweusi wa mfinyanzi. Ukilowa unateleza na kuganda kwenye tairi mpaka gurudumu linakwama, ukikauka unapasuka nyufa za kumeza tairi. Kwa hiyo nabaki katikati, napigiwa honi, halafu kokoto zinanirukia miguuni na vumbi linanifumba macho palepale ambapo nahitaji kuona ukingo.

Na mimi naendesha kwa kujifurahisha tu! Kuna mzee aliyefunga gunia la mpunga kwenye keria, akitetereka kidogo tu amekwisha. Kuna watoto wa shule, sare zote vumbi kabla ya kengele ya asubuhi. Hao hawana njia nyingine.

Ukiona baiskeli mbele, ondoa mguu kwenye mafuta mapema, si ukishafika mgongoni. Pita polepole hadi utuache nyuma kabisa, ndipo ukanyage.