Umri Mrefu kwa Ushauri wa Nani?

Baada ya sala ya Isha, simu za Unguja na Pemba hujaa sauti za watu wanaotufundisha namna ya kuishi zaidi. Mmoja anataka tunywe maji ya ndimu kabla ya alfajiri, mwengine anataka tuache wali, wa tatu anauza unga wa mlonge na anadai unamaliza sukari, presha na uchovu kwa pamoja. Sauti hizi husambazwa kwa nia njema, mara nyingi na watoto kwa wazee wao. Lakini utafiti wa maradhi yasiyoambukiza uliofanywa Zanzibar mwaka 2011 ulionesha kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya watatu ana presha, na wengi wao hawakuwa wakijua. Katika jamii ya namna hiyo, hasara ya ushauri mbaya haiishii mfukoni. Inafika kwenye figo na kwenye ubongo.

Kwa hivyo nani wa kufuatwa? Jibu langu si la mtu mmoja. Naona kipimo ni namna mshauri anavyolichukulia kosa lake mwenyewe na namna anavyoyajua maisha ya anayemshauri. Elimu yake na umaarufu wake naviweka nyuma ya hayo mawili.

Vijana wetu wengi wanaangalia Marekani, basi na tuanzie huko. Bryan Johnson, aliyezaliwa mwaka 1977, alikuwa na kampuni ya malipo iitwayo Braintree ambayo PayPal iliinunua mwaka 2013 kwa dola milioni 800. Baada ya hapo aliamua kuupambania umri wake, na inaripotiwa kuwa shughuli hiyo inamgharimu kiasi cha dola milioni 2 kwa mwaka. Ni rahisi kumtupilia mbali mtu wa aina hii, lakini si haki. Analala mapema, anakula mboga na kunde kwa wingi, hanywi pombe, anafanya mazoezi kila siku, na anatoa hadharani matokeo ya vipimo vyake. Mwaka 2023 alijaribu kutiwa maji ya damu ya mwanawe, kisha akasema hakuona faida yoyote. Mwaka 2024 aliacha rapamaisini, dawa ya kupunguza kinga ya mwili aliyoitumia kwa miaka kadhaa akitumai itachelewesha uzee, akieleza kuwa madhara yake yamezidi manufaa. Anayetangaza kuwa jambo lake halikufaa anastahili kusikilizwa zaidi kuliko yule ambaye dawa yake haijawahi kushindwa.

Hata hivyo, Johnson ni mtu mmoja anayefanya mambo mengi kwa wakati mmoja. Akionekana kijana, hakuna anayeweza kusema ni kwa sababu ya usingizi, ya mboga, au ya vidonge. Na vidonge anaviuza. Ukiyatoa yale yanayonunuliwa dukani kwake, yanayobaki ni usingizi, mboga na mazoezi, na haya tulikuwa tukiyajua kabla yake.

David Sinclair ni funzo la aina nyengine. Huyu ni profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, hasemi kwa kubahatisha. Alijulikana kwa utafiti wa resveratroli, kemikali iliyomo kwenye maganda ya zabibu, iliyotarajiwa kuchelewesha uzee. Kampuni aliyoshiriki kuianzisha, Sirtris, ilinunuliwa na GlaxoSmithKline mwaka 2008 kwa dola milioni 720. Mwaka 2013 ofisi zake zikafungwa, na ile dawa ya uzee haikupatikana. Mwaka 2024 aliacha urais wa jumuiya ya wanasayansi wa umri mrefu baada ya wenzake kupinga kauli yake juu ya kidonge cha mbwa kilichodaiwa kurudisha nyuma uzee. Simtaji kwa kumdhalilisha, maana maabara yake imefanya kazi kubwa. Namtaja kwa sababu wapo wanaodhani kuwa jina la chuo likishatajwa, suala limekwisha.

Mwanasayansi ninayemheshimu kuliko wote katika jambo hili hakuuza kitu. Jerry Morris alikuwa daktari wa Uingereza aliyejiuliza kwa nini maradhi ya moyo yanazidi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Akawatazama wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mbili ya London. Dereva na konda wanafanya kazi ndani ya gari moja na ni watu wa tabaka moja, ila dereva anakaa kutwa, na konda anapanda na kushuka ngazi mamia ya vidato kila siku. Mwaka 1953 alichapisha matokeo yake: makonda walipata maradhi ya moyo kidogo kuliko madereva, na walipoyapata, mara nyingi yaliwajia umri ukiwa umesogea zaidi.

Mtu mwengine angeishia hapo na kuanza kuhubiri ngazi. Morris alirudi kujikagua. Alitafuta rikodi za sare za wafanyakazi, akalinganisha vipimo vya viuno vya suruali, akakuta kuwa madereva walikuwa wanene zaidi tangu wakiwa vijana. Maana yake, huenda sehemu ya tofauti ile haikutokana na kazi, bali na aina ya watu walioichagua kazi yenyewe. Akalichapisha hilo pia, mwaka 1956. Kisha akawachukua watumishi wa serikali ambao wote wanakaa ofisini, akawauliza wanafanya nini nje ya kazi, na akaona tena kuwa wanaofanya mazoezi ya nguvu wanapata maradhi ya moyo kidogo. Alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99. Umri wake hauthibitishi chochote peke yake. Namwamini kwa sababu ya zile suruali.

Pamoja na heshima hiyo, Morris aliwachunguza wanaume wa London. Mwanamke anayelima mwani Jambiani au Micheweni, anayesimama majini kwa saa nyingi na kubeba magunia mazito ya mwani mbichi, hahitaji kuambiwa atembee. Mwili wake unafanya kazi kuzidi uwezo wake. Anahitaji wa kumpima presha, wa kumwambia apunguze chumvi kwenye mchuzi, na kazi isiyomvunja mgongo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 za mwendo kwa wiki na chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku. La kwanza kwake ni kichekesho kichungu, la pili huenda likamwokoa. Kwa karani wa Mjini anayekwenda kazini kwa gari na kurudi kukaa barazani hadi usiku, mambo yako kinyume. Ushauri ule ule, kisiwa kile kile, na thamani tofauti kabisa.

Wapo wanaosema tuache yote hayo, tuwafuate wazee wetu. Hoja hii ina uzito. Mzee wa Pemba aliyekula muhogo, samaki na mboga za majani, akatembea hadi shambani, akasali jamaa na kuzungukwa na wajukuu, ameishi karibu yote ambayo wataalamu wanayapendekeza leo. Uchunguzi wa Harvard ulioanza mwaka 1938 na kuwafuata watu kwa zaidi ya miaka 80 umegundua kuwa mahusiano mema na watu ni miongoni mwa mambo yanayoambatana zaidi na afya ya uzeeni. Hili tunalo, na tunalipoteza kwa kasi mjini.

Lakini mzee aliyebaki hawezi kutueleza habari za wenzake waliozikwa. Waliozaliwa naye wakala muhogo ule ule, wengi wakaondoka utotoni kwa malaria na surua, hawako barazani kutoa ushauri. Tazama Fatma binti Baraka, tuliyemjua sote kwa jina la Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013 akiaminika kuwa amepita miaka 100. Alivuta sigara kwa miaka mingi bila kuficha. Hakuna mwenye akili atakayesema sigara ndiyo iliyompa umri. Basi tusiseme pia kwamba kitu chochote alichokifanya mzee fulani ndicho kilichomfikisha alipofika.

Na umri wenyewe una matatizo. Mwandishi wa Marekani Dan Buettner alivitangaza duniani visiwa vya Okinawa (Japani) na Sardinia (Italia) na maeneo mengine machache kuwa makao ya watu wa miaka 100. Mtafiti Saul Newman alionesha kuwa madai ya umri mkubwa mno hujitokeza zaidi pale ambapo rikodi za vizazi ni dhaifu na umasikini ni mkubwa, na kwamba pencheni huchangia makosa hayo. Waliovichunguza visiwa hivyo wanapinga, wanasema walikagua nyaraka moja moja, na mjadala haujafungwa. Sisi tunaielewa hoja ya Newman bila kufafanuliwa. Wazee wetu wengi hukisia umri wao kwa Vita vya Ng'ombe vya 1951 au kwa Mapinduzi ya 1964, na tangu Aprili 2016 kila aliyefika miaka 70 ana haki ya pencheni jamii. Kusema hivyo si kuwatuhumu wazee. Ni kusema kuwa miaka ya mtu ni ushahidi dhaifu wa kujengea mlo.

Kwa wanaozungumza Kiswahili, jina kubwa ni Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na baadaye Muhimbili, na mwaka 2025 akachaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika. Amewahimiza Watanzania kupunguza sukari na wanga, kula mara chache na kufunga. Faida yake ni kubwa: anasema wali na ugali kwa majina yake, na amewaona wagonjwa wetu kwa macho yake. Walalamikaji wanasema ni mkali mno, na masikini mwenye muhogo tu ataacha wanga ale nini? Nadhani wana haki nusu. Kwa mtu wa futari ya kaimati, sambusa na juisi yenye sukari nyingi, maneno ya Janabi ni dawa. Kwa mgonjwa wa sukari anayepiga insulini, kukata milo kwa kusikia video, bila daktari wake kumpangia upya dozi, kunaweza kumwangusha siku hiyo hiyo. Kosa hapo ni la video kumfikia mtu ambaye haikumkusudia.

Hapo ndipo ninapowafikiria waganga wa tiba asili na masheikh. Habasoda ina nafasi yake katika dini yetu, na tafiti kadhaa ndogo zimeonesha kuwa inaweza kushusha presha kidogo. Sina ugomvi na anayeila. Ninaogopa pale muuzaji anapomwambia mgonjwa aache vidonge vya hospitali kwanza ili dawa ifanye kazi. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu, na atakayeitumia hadithi ya habasoda kumkataza mtu tiba nyengine ameichukua nusu ya mafundisho. Neno hilo moja, "acha vidonge," linatosha kumtoa mtu katika orodha ya wanaofaa kufuatwa, awe na ndevu, koti jeupe au wafuasi milioni.

Wanaofaa kuliko wote tunao, ila hawasikiki. Daktari wa hospitali ya Abdalla Mzee au Mnazi Mmoja anayejua namba za presha yako ana thamani kwako kuliko Johnson na Sinclair pamoja, lakini foleni inampa dakika chache nawe. Wahudumu wa afya wa jamii wa mpango wa Jamii ni Afya wanaingia majumbani, ingawa kazi yao imelenga hasa mama na watoto. Wakipewa mashine za presha na mafunzo, mzee wa shehia ya mbali atakuwa na mshauri anayegonga mlango. Na madaktari wetu nawalaumu kwa jambo moja: wamewaachia wauzaji uwanja. ZBC ina redio inayofika Unguja na Pemba, misikiti ina darsa kila wiki, makundi ya simu yamejaa watu wanaouliza. Daktari mmoja wa kila wilaya akirikodi sauti ya dakika tatu baada ya Isha, kwa Kiswahili chetu, akataja chumvi, vidonge na siku ya kupima, wale wanaosambaza unga wa mlonge watakuwa na kitu kingine cha kusambaza.