Sponji wa Oman: mnyama wa kale au mwani uliopikwa na ardhi?

Sponji ni mnyama, ingawa hana ubongo, mishipa ya fahamu wala misuli. Huko Jambiani, Zanzibar, wapo kina mama wanaomfuga baharini kwenye kamba. Ubishi uliopo ni wa lini jamii yake ilianza duniani.

Mwaka 2009, mwanasayansi Gordon Love na wenzake walitangaza kwamba miamba ya kusini mwa Oman, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 635, ina masalia ya kemikali ya jamii ya kolesteroli yenye atomi 30 za kaboni. Kemikali hiyo leo hutoka hasa kwa demosponji, kundi kubwa kuliko yote la sponji. Kama ni kweli, basi huo ni miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa wa mnyama duniani.

Wenye shaka wanauliza: mwili wake uko wapi? Sponji wengi wana vijisindano vya silika, vigumu kama kioo, na mabaki yake yasiyo na utata yanaanza kuonekana chini ya miaka milioni 540 iliyopita. Mwaka 2020 hoja yao ilipata nguvu. Mtafiti Ilya Bobrovskiy na wenzake walionyesha kwamba mafuta ya mwani wa kawaida, yakikaa ardhini na kupata joto, yanaweza kugeuka kuwa kemikali ileile.

Kwangu hoja ya joto ndiyo nzito. Ya vijisindano imeanza kulegea. Kisukuku (mabaki ya kale yaliyohifadhiwa mwambani) cha sponji kilichotangazwa mwaka 2024 kutoka China, cha miaka milioni 550 hivi, hakina vijisindano vya madini. Mwili laini huoza, hivyo kukosekana kwa mabaki si ajabu. Ila tuwe macho: utetezi huo ukitumiwa ovyo, hakuna pengo lisiloweza kuzibwa.

Mwaka 2025 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walirudi na kemikali ya jamii hiyohiyo, ila yenye atomi 31 za kaboni. Ndani ya maabara walitengeneza aina zake nane zinazowezekana, lakini miambani wakakuta mbili tu. Joto linalobadilisha mafuta kiholela lingeacha mchanganyiko mpana zaidi. Uteuzi wa namna hiyo unanuka kiumbe hai. Hapo naegemea upande wa sponji. Yale madai ya Canada ya mwaka 2021, ya sponji wa miaka milioni 890, siyagusi: michoro ya vijifereji ndani ya jiwe, bila kemikali wala kijisindano, hainitoshi.