Redio Iliyotii Breki

Mjomba wangu analima zabibu Mpunguzi, Dodoma, kando ya barabara ya Iringa, na mavuno yanapokaribia hulazimika kulala shambani ili ndege, na wakati mwingine majirani, wasimtangulie kwenye vichala. Kwa sababu hiyo, mkandarasi mmoja alipofunga kambi yake na kuuza kwa mnada vitu alivyovichoka, mjomba alirudi nyumbani akivuta karavani nyuma ya pikapu yake: kijumba cha bati jepesi chenye magurudumu mawili, kitanda, kabati na dirisha la plastiki. Betri ya kijumba hicho ilikuwa imekwisha kung'olewa na mtu aliyewahi kufika mnadani. Kilichobaki ni waya mnene wenye plagi ya pini saba, ule unaopeleka umeme wa taa za nyuma kutoka kwenye gari linalovuta.

Mjomba alitangaza kwamba kulala humo bila redio ni sawa na kifungo, na kwamba redio ndogo za betri za tochi ni za wachungaji. Akanunua gereji redio ya gari iliyotolewa kwenye gari dogo la Kijapani lililopata ajali. Wanaomiliki magari ya aina hiyo wanaijua adha yake. Kule Japani masafa ya FM yalipangwa kuanzia 76 na kuishia 90, ilhali kwetu stesheni nyingi ziko juu ya hapo hadi kufikia 108, kwa hiyo redio hizo huishia pale ambapo zetu ndiyo kwanza zinaanza. Kipo kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena ili kuyashusha masafa, lakini mjomba alikipigia hesabu akaona ni anasa. Isitoshe, kila redio hiyo ilipowashwa, kabla ya jambo lolote, mwanamke mmoja mwenye sauti ya adabu alitoa maelezo marefu kwa Kijapani. Mjomba alikuwa akimjibu kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi," na kusubiri amalize.

Kazi ya kuifunga alipewa mdogo wake mke wa mjomba, jambo lililofanya asiulizwe maswali mengi. Alikuja na bisibisi, plaisi, tepu nyeusi na kujiamini. Akakata tundu kwenye mlango wa kabati, akaichomeka redio humo, kisha akazitandaza waya zake juu ya godoro na kutufundisha: nyeusi ni ya bodi, nyekundu ni ya swichi, ya njano ni ya kumbukumbu na haitakiwi kukatiwa umeme hata sekunde moja, na zile za rangi pacha zenye mistari ni za spika. Yote hayo ni kweli kabisa. Kisha akauchana ule waya mnene wa plagi, akaikuta humo waya nyekundu, na uso wake ukang'aa.

"Nyekundu na nyekundu zinapatana," alisema, akazisokota pamoja, na ya njano akaiongeza hapo hapo ili isijisikie mpweke.

Kwenye trela zinazofuata mpangilio huo wa pini saba, waya nyekundu ni ya taa za breki.

Hilo lingegundulika papo hapo kama pikapu ingekuwa na breki ya mkono. Haikuwa nayo kwa miaka mingi, na kwa kuwa ilikuwa imesimama kwenye mteremko mdogo, muda wote fundi alipokuwa akipima umeme kwa testa yake, mjomba alikuwa ameketi kwenye usukani akikanyaga breki kwa uaminifu. Testa ikawaka. Redio ikawaka. Mwanamke akasalimia, muziki ukafuata, na mke wa mjomba, aliyekuwa akichambua mlenda kibarazani, alipiga kigelegele kwa ajili ya mdogo wake. Mjomba akaagiza jiwe liwekwe mbele ya tairi, akashuka aje kufurahia mali yake, na alipofika mlangoni redio ikawa kimya.

Fundi alikaza kila kilichoweza kukazwa. Mjomba, kwa hasira, alirudi kwenye gari kuchukua kofia yake, akajishikiza kwenye usukani huku mguu ukiangukia pale ulipozoea, na redio ikaimba. Alipotoka, ikanyamaza. Likafanyika jaribio kwa kumwingiza kijana mwingine kwenye gari, akakaa kwa unyenyekevu bila kugusa kitu, na redio haikuitika. Basi wazee waliokuwapo wakaafikiana kwamba redio inamtambua mwenyewe, na fundi, badala ya kukana, alisema kwamba redio za siku hizi zina ulinzi.

Nami nilikuwa nimesimama nyuma ya karavani wakati wa majaribio hayo na niliona taa zikiwaka na kuzimika. Nilinyamaza kwa sababu jioni hiyo Simba na Yanga walikuwa wanacheza, na nilitaka kuona mambo yatafikia wapi.

Watu walijaa. Stesheni moja tu iliyokuwa ndani ya uwezo wa redio hiyo ilikuwa ikitangaza mpira, na ilipatikana kwa taabu. Mjomba aliketi kwenye pikapu kama mwenye mamlaka, dirisha wazi, akisikiliza kwa mbali mchezo ambao wageni wake waliusikiliza kwa karibu. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mtangazaji alipoanza kupandisha sauti: mpira umepigwa krosi, mshambuliaji ameruka, kipa ametoka, na mjomba, ambaye ni Yanga wa kuzaliwa, aliinuka kitini. Mguu ukaacha pedali. Kimya. Akakanyaga haraka, na mwanamke wa Kijapani akaanza kutueleza mambo yake kwa utulivu, bila kuruka hata neno moja. Na kwa kuwa waya ya njano nayo ilikuwa imekatiwa umeme, redio ilikuwa imesahau kila kitu: saa ilisomeka 1:00, na masafa yalikuwa yamerudi 76, mahali ambapo katika mkoa wote wa Dodoma hakuna mtu anayesema lolote. Mpaka tulipoipata tena stesheni, shangwe ilikuwa imekwisha na mtangazaji alikuwa akizungumzia hali ya hewa uwanjani.

Baada ya jambo hilo kujirudia, fundi alichukua jembe la dada yake, akang'oa mpini, na kuukaza kati ya kiti na pedali. Mjomba akaachiliwa huru, na ile imani ya redio kumtambua mwenyewe ikafa bila mazishi. Sasa taa nne za breki, mbili za pikapu na mbili za karavani, zilikuwa zikiwaka mfululizo, kila balbu ikila wati 21, jumla ampia 7 hivi kutoka kwenye betri ambayo hata asubuhi ilikuwa ikiwaka kwa kubembelezwa. Mtangazaji alianza kusikika mbali zaidi na zaidi, na dakika za mwisho zilipofika, zilifika bila yeye.

Mjomba aliamua kuwapeleka wageni barabarani. Stata ilisema "tk" na haikurudia. Tukaichomoa karavani, tukaondoa jiwe, tukajipanga wanaume wote nyuma ya pikapu ili ishike kwa kusukumwa, na kwa kuwa mbele palikuwa na mteremko, tulitarajia kazi nyepesi. Haikusogea. Tulisukuma kwa mabega, tukasukuma kwa migongo, mjomba akiwa amekaa upandeni mwa usukani akitulaumu kwamba tumekula ugali wake bure, miguu yake ameikunja pembeni ili isiusumbue mpini.

Ndipo mkewe alipokuja na kibatari, akaingiza mkono dirishani na kuuliza kama mechi haijaisha, kwa kuwa asubuhi anataka kupalilia. Akauvuta mpini. Gari lilitoka mbio, na sisi sote tuliokuwa tumeliegemea kwa nguvu zetu zote tukalala kifudifudi mchangani kwa mpangilio ule ule tuliokuwa tumesimama.

Fundi alipodai ujira wake kesho yake, dada yake alimwonyesha ufa kwenye mpini, na hesabu zikafungwa hapo.