Kilo Mbili Kamili

Pale Kunduchi pwani ukiniulizia kwa jina nililopewa na baba yangu, utazungushwa mpaka mnada wa samaki uishe. Uliza Kilo Mbili. Hata watoto wanaopara samaki wanalijua jina hilo. Wengine hulitamka huku wameinamisha bega moja kama mizani iliyoelemewa, jambo ambalo mimi naliona ni utovu wa adabu.

Chanzo chake ni nguru. Nina kayaki ya plastiki niliyoinunua Masaki kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao na anauza kila kitu, hadi pasi. Wenye ngalawa walikuwa wakishusha nguru pale pwani, mimi nashusha kayaki tupu. Sababu niliijua: nikipiga kafi, mshipi unapanda juu na chambo kinateleza usoni mwa maji kama kandambili, wakati samaki yuko chini. Nikifunga risasi nzito, chambo kinashuka vizuri, lakini samaki akishika napambana na samaki na risasi kwa pamoja, na mara nyingi risasi ndiyo inayofika.

Wamarekani wanaovua samoni kwenye Maziwa Makuu ya kwao wana dawa ya tatizo hili. Wanaiita dauniriga. Ni gurudumu lenye waya, na mwisho wa waya kuna tufe zito la risasi, kilo nne au tano. Mshipi wa ndoana unabanwa na kibanio karibu na tufe, unashuka nalo hadi kina unachotaka. Samaki akipiga, mshipi unachomoka kwenye kibanio, tufe linabaki na waya wake, na wewe unabaki na samaki wako peke yake. Nilipoelewa hivyo usingizi ulikata.

Bei ya mpya sikumaliza kuisoma. Nikaanza kuangalia nyumbani kuna nini.

Nyumbani ni kwa shangazi yangu, Tegeta, na barazani ana duka la rejareja. Uani kulikuwa na waya wa kuanikia nguo, mita ishirini, wa chuma, umevikwa plastiki. Kwenye waya kulikuwa na vibanio vya nguo, navyo vinabana. Binamu yangu alikuwa na rangi ya kucha nyekundu, nikaitumia kuweka alama kila mita moja ili nijue jiwe limefika kina gani. Gurudumu nililipata kwa fundi umeme, ile roli ya plastiki ya kuviringia nyaya. Kilichobaki ni uzito. Nikatazama dukani. Juu ya kaunta, pembeni ya mizani, yalikuwa yamepangwa mawe kuanzia la gramu mia, na katikati yao limekaa moja zuri, jeusi, la pembe sita: KG 2.

Nilichukua Ijumaa usiku duka lilipofungwa. Sikuiba. Niliazima bila kuzungumza.

Fundi wa mageti pale mtaani aliligeuza jiwe mara mbili. "Hiki ni chuma cha kusubu, bosi. Hakipendi kuchomelewa. Tutatoboa." Akalipindua, akafurahi. "Hapa chini wameziba kwa risasi. Laini. Tunatoboa hapa hapa." Risasi hiyo ilikuwa na alama ndogo ndogo zilizogongwa juu yake. Nilidhani ni mapambo.

Dakika tano tu, boliti yenye kikuku ikawa imekaa. Akanifungia roli juu ya bomba la chuma la nusu inchi, na kwa mkono wa kuzungushia akaweka pedeli ya baiskeli.

"Hii ni ya kuchotea maji kisimani?" akauliza.

"Ya kuvulia."

Akanyamaza kidogo. "Sawa. Breki tuweke wapi?"

"Breki ya nini, fundi? Baharini hakuna mteremko."

Maneno hayo nimeyakumbuka mara nyingi sana.

Jumamosi alfajiri niliingia majini. Ilikuwa bamvua, na maji yalikuwa yameanza kutoka. Kwa wasioijua pwani yetu, siku za bamvua bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, kwa hiyo maji yakiamua kuondoka hayamsubiri mtu kufunga vifungo. Mbele yangu kilikuwa kisiwa cha Mbudya. Kule ni hifadhi tangu 1975 na kuvua ni marufuku, nami ni raia mwema, nikabaki upande wa kwetu. Mashine ilikuwa kulia kwangu, na kwa uzito wake kayaki ililalia kulia, basi nikakaa nimeegemea kushoto kama abiria wa bodaboda aliyebeba godoro.

Nikamtia kibua kwenye ndoana awe chambo, nikabana mshipi, nikashusha jiwe. Rangi ya kucha ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya nane. Nikapiga kafi taratibu. Niseme ukweli: ilifanya kazi. Kwa dakika kumi nilikuwa mvuvi wa kisasa kuliko wote kati ya Kunduchi na Bagamoyo.

Kisha kibanio kikalia ta! Fimbo ikapinda mpaka ncha ikagusa maji.

"Nguru!" nikapiga kelele, ingawa hapakuwa na mtu.

Nilivuta. Hakuja. Nikavuta tena. Hakuja wala hakukimbia. Nikajiuliza, nguru gani asiyekimbia? Nikajijibu: mkubwa. Nilipambana na samaki huyo mtulivu mpaka jasho likaniingia machoni, na sikuona kwamba waya wa jiwe nao umekaza, wala kwamba kayaki imeacha kwenda na maji na sasa maji ndiyo yanaipita. Ubavu wa kulia ulianza kuzama kidogo kidogo.

Nikaweka fimbo chini, nikashika pedeli nipandishe jiwe. Halikupanda. Nikaachia pedeli nifikiri, na hapo ndipo nilipokutana na mteremko wa baharini. Maji yaliisukuma kayaki, waya ukatoka mbio, roli ikazunguka, pedeli ikanigonga vifundo vya vidole mara nne kabla sijakumbuka kuwa mkono ni wangu na naweza kuuondoa. Waya ulipofika mwisho ulikuta fundo langu. Fundo lile nililifunga kwa fahari. Halikufunguka.

Kupinduka kwenyewe hakukuwa na haraka. Kayaki ililala ubavu kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani, nami nikashuka majini nimekaa vile vile, mkao wa godoro. Jaketi la kuokolea lilinirudisha juu. Nikashikilia kayaki iliyonipa mgongo, fimbo ikaenda zake kwa urefu wa kamba niliyoifungia, na chambo cha akiba kikawa kifungua kinywa cha dagaa.

Ngalawa ilikuja na mzee mmoja na kijana wake. Waliteremsha tanga, wakanitazama.

"Shikamoo mzee," nikasema, nimeshika plastiki.

"Marahaba. Umefunga nini kwenye dema langu?"

Kijana wake alivuta kamba ya boya, boya ambalo nililipita na kulidhania dumu lililotupwa. Dema, ule mtego wa fito wa kunasia samaki, lilipotokeza tukamwona nguru wangu: ndoana ilikuwa imenasa kwenye fito. Pembeni yake, limejipachika mlangoni mwa dema kana kwamba lilikaribishwa, jiwe. Mzee alilichomoa, akafuta tope kwa kidole gumba, akasoma. Akanitazama. Akasoma tena.

"Kijana," alisema kwa upole mkubwa, "sisi huku tunavua kwanza. Kupima ni pwani."

Kijana wake alicheka mpaka akakaa. Wakati tunafika Kunduchi, mimi naburutwa nyuma na kayaki yangu, jina lilikuwa limeshatangulia, sijui kwa usafiri gani.

Fito tatu za dema zilivunjika. Nilitaka kulipa, mzee akakataa pesa, akaomba waya. Alisema ni waya mzuri. Kisha akanipa tasi wawili, maana kijana harudi kwao mikono mitupu.

Shangazi nilimkuta uani amesimama na beseni la nguo mbichi, anatazama miti miwili isiyo na kitu katikati. Nikamwonyesha samaki haraka.

"Umevua mwenyewe?"

"Ndiyo, shangazi."

"Wana uzito gani?"

Kwa nini ulimi wangu ulisema "kilo mbili" mpaka leo sielewi. Visamaki vile viwili havikufika hata nusu ya hapo.

"Tuone," akasema, akaweka beseni chini, akaingia dukani. "Ila jiwe la kilo mbili silioni tangu asubuhi. Nimeshamfokea mtoto wa jirani."

Niliweka mfuko wangu sakafuni. Ukasema ko!

Alilitoa mwenyewe. Hakusema kitu juu ya kikuku, wala juu ya kipande cha waya wake uliobaki hapo. Aliligeuza chini, akaliinua karibu na macho, akauliza kwa sauti ndogo: "Muhuri uko wapi?"

Alama zile ndogo kwenye risasi. Kumbe ndizo zinazogongwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka kuthibitisha kwamba jiwe ni halali. Fundi aliutoboa muhuri katikati. Shangazi aliweka mawe mawili ya kilo moja upande mmoja na la kwangu upande wa pili: likazidi. Akafungua boliti, akapima tena: likapungua. "Miaka kumi na sita nauza sukari," akasema, "hakuna aliyewahi kuniita mwizi."

Mtoto wa jirani nilimwomba radhi kwa soda mbili. Waya mpya nimenunua. Mpaka jiwe jipya lipatikane, jioni zote nipo dukani, nampimia kila mteja wa kilo mbili kwa mawe mawili ya kilo moja huku shangazi amekaa nyuma yangu na kanga mabegani, anahesabu. Tatizo ni moja tu. Mteja akisimama dirishani akasema "Kilo mbili," mimi huitika, "Naam."