Kishikwambi hakiwezi kulisha diski

Jamani, wauza vifaa wa hapa Dodoma, acheni kutuambia "chomeka tu, itasoma". Haisomi! Unachomeka diski ya nje kwenye kishikwambi kwa waya wa OTG (ule wa kuunganishia vifaa vya USB kwenye kishikwambi au simu), taa inawaka, ndani inalia tik, tik, tik, kisha kimya. Mwalimu aliyetaka kuhifadhi masomo yake anabaki anaamini kauziwa kitu kibovu.

Si kibovu, umeme hautoshi. Diski ya kuzunguka, hata ndogo ya inchi 2.5, inapoanza kuzunguka inaweza kuhitaji karibu ampea 1. Tundu la USB 2.0 kwa kiwango chake ni miliampea 500, yaani nusu ampea, na vifaa vingine vya mkononi hutoa hata chini ya hapo. Ile ya inchi 3.5 ndiyo usiseme, inataka volti 12 na adapta yake. Na umeme ukipungua diski ikiwa inaandika, mafaili yanaweza kuharibika.

Kinachohitajika ni hab ya USB (kigawanyio cha matundu ya USB) yenye adapta ya ukutani, au flashi ya kawaida, ambayo haili umeme mwingi. Kwa nini hayo hayasemwi kabla ya kupokea hela? Mtu ametoka Mpwapwa kwa nauli yake!