Daudi alilipa, mheshimiwa je?

Jumapili iliyopita ibada yetu ilichelewa dakika arobaini. Tulikuwa tunamsubiri mheshimiwa. Mheshimiwa mtarajiwa, maana kura yenyewe ni 2027. Mama mmoja wa kwaya akanong'ona, "Kumbe Roho siku hizi hushuka na msafara." Nilicheka mpaka mzee wa kanisa akanikata jicho.

Akafika. Bwana asifiwe, na tena Bwana asifiwe. Akatuambia amelelewa kwa magoti ya mama yake, hana mwingine ila Mungu. Kisha bahasha: laki tano za paa. Vigelegele!

Sina mzani wa kupima moyo wa mtu. Hata Rais Ruto, ambaye sina haja ya kumpamba, alikuwa mlokole wa Christian Union, umoja wa wanafunzi Wakristo, pale Chuo Kikuu cha Nairobi kabla hajajulikana na yeyote. Kwa hiyo si wote wanaookoka wakati wa kampeni. Haya, nimekubali, tuendelee.

Shida yangu ni bahasha. Someni 2 Samweli 24. Arauna alitaka kumpa mfalme Daudi kiwanja, ng'ombe na kuni, vyote bure. Daudi akakataa katakata: hawezi kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu kitu. Akalipa shekeli hamsini za fedha. Mfalme huyo, angeweza kuchukua tu na nani angemuuliza?

Sasa huyu wetu laki tano zimemgharimu nini? Duka hana, shamba la chai hana, kazi yake hakuna anayeijua, lakini kila Jumapili ana bahasha, na Jumapili nyingine huzunguka makanisa mawili. Pesa hizo zina wenyewe. Ni tajiri anayengojea tenda, au ni sisi tuliokatwa kodi, tunarudishiwa kichele na kuambiwa tuseme Amina. Imani yake sijui. Sadaka yake najua si yake.

Ndiyo maana Novemba 2024 nilimvulia kofia Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu la Nairobi, na mimi si Mkatoliki. Rais alikuwa ametoa milioni mbili za nyumba ya padri na laki sita nyingine pale Soweto, Kayole. Jimbo likasema zirudishwe. Miezi michache baadaye Rais huyo huyo akatoa milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu, na vijana waliopinga wakapigwa vitoa machozi nje.

(Ndugu zangu Waislamu, msicheke sana. Ijumaa ni hao hao, na kofia ya viua imekaa upande. Ramadhani ikifika, sura zao ziko kwenye mifuko ya unga wa futari.)

Mchungaji wangu aliniuliza baada ya ibada mbona nimenuna. Nikamwambia habari za Arauna. Akacheka, akasema Arauna hakuwa na paa linalovuja.

Linavuja kweli, tena juu ya benchi langu. Na vigelegele vilipopigwa, mimi pia nilipiga makofi.